NGC 4565 au NGC 891? Kuchagua galaksi ya ubavu, na darubini ya kuipigia picha ukiwa uani

Anayeanza kupiga picha za galaksi akiwa uani, taa za mtaa zikimulika ukuta, kwa kawaida hukimbilia jina kubwa. Anaona kwenye orodha kwamba galaksi ya M101 ina mwangaza wa takriban 8 (kwenye kipimo hiki namba ndogo ndiyo angavu zaidi), anaielekezea darubini usiku kucha, na asubuhi anakuta ukungu wa kijivu usio na mikono ya nyota. Kamera haina lawama. M101 imetugeuzia uso wake wote, na mwanga wake umetandazwa kwenye duara la karibu dakika 28 za tao, upana usiopungukiwa sana na ule wa Mwezi mpevu. NGC 4565 ina mwangaza wa takriban 10 tu. Ukijumlisha mwanga wake wote haufiki robo ya ule wa M101, na bado ukiwa mjini ndiyo itakayokutokea vizuri zaidi.

Sababu ni ubavu. Galaksi ya aina hii ni sahani ya nyota tunayoiona kwa ukingo wake, kwa hiyo tunapoitazama tunapenya sahani nzima, kutoka upande mmoja hadi wa pili, na nyota zote zilizomo njiani zinarundikana kwenye mstari mmoja mwembamba. Kila kipande cha mstari huo kinang'aa kuliko kipande cha ukubwa uleule cha galaksi iliyotugeukia, na hivyo kinachomoza juu ya mwanga wa mji. Ndiyo maana naziona galaksi za ubavu kuwa ndizo galaksi za uani hasa. Lakini zina masharti yake. Ukishaacha kupigana na weupe wa anga, unaanza kupigana na ukali wa picha, kwa sababu kinachotafutwa ni utepe wa vumbi unaopita katikati, na utepe huo ni mwembamba mno. Ulinganisho wote unaofuata unasimama hapo.

Kuhusu vipimo: nyuzi moja ya anga ina dakika 60 za tao, na dakika moja ina sekunde 60. Hewa ya kawaida juu ya nyumba zetu huitawanya nyota ikawa kitone cha sekunde 2 hadi 3 hivi. Kilicho chembamba kuliko hapo kinamezwa na hewa kabla hakijaifikia kamera.

Galaksi tano zinazostahili kufikiriwa

| Galaksi | Urefu × upana (dakika za tao) | Nyuzi kutoka ikweta ya anga | Hufika juu kabisa usiku wa manane | Utepe wa vumbi |
|---|---|---|---|---|
| NGC 4565 | 15.9 × 1.85 | 26 kaskazini | mwisho wa Machi | mweusi, umesogea kando kidogo ya kiini |
| NGC 891 | 13.5 × 2.5 | 42 kaskazini | mwisho wa Oktoba | unapasua katikati kabisa |
| NGC 5907 | 12.8 × 1.4 | 56 kaskazini | Mei | mwembamba, upande mmoja |
| NGC 4244 | 16.6 × 1.9 | 38 kaskazini | mwisho wa Machi | ni kama haupo |
| NGC 4945 | 20 × 3.8 | 49 kusini | Aprili | mabaka yaliyovurugika |

Safu ya tatu isomwe pamoja na latitudo yako. Chukua tofauti kati ya latitudo yako na nyuzi hizo (moja ikiwa kaskazini na nyingine kusini, zijumlishe), uitoe kwenye 90, na hapo umepata kimo cha juu kabisa ambacho galaksi itafika. Aliye kwenye Ikweta anaiona NGC 4565 ikipanda hadi nyuzi 64, NGC 891 hadi 48, NGC 4945 hadi 41 hivi, na hata NGC 5907 hadi 34. Ni bahati ambayo wengine hawana. Aliye nyuzi 50 kaskazini haioni NGC 4945 maisha yake yote akiwa nyumbani, na aliye nyuzi 35 kusini hachomozewi na NGC 5907, huku NGC 891 ikimpitia nyuzi 13 tu juu ya upeo, kwenye moshi na mapaa. Kwenye kimo cha nyuzi 30 unatazama kupitia hewa mara mbili ya ile iliyo juu ya utosi, na utepe wa vumbi ndio wa kwanza kufutika. Mimi galaksi isiyovuka nyuzi 40 siianzi, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Mashindano ya kweli: 4565 dhidi ya 891

Zote mbili ziligunduliwa na William Herschel, ya pili mwaka 1784 na ya kwanza mwaka 1785. NGC 891 iko umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 30. NGC 4565 imepimwa kati ya milioni 30 na 50, kutegemea njia iliyotumika. Kwenye picha ndogo ya simu ni vigumu kuzitofautisha. Kwenye skrini kubwa zinaachana kabisa, na kila moja inataka vifaa vyake.

NGC 4565 ina kiini kilichovimba, chenye umbo linaloelekea kisanduku, kinachong'aa juu ya utepe. Sahani yake haikulala ubavu kamili. Imeinama nyuzi chache, na kwa hiyo utepe unapita mbele ya kiini ukiwa umesogea upande mmoja, na kiini kinachungulia juu yake. Kwa mpiga picha hii ni zawadi: kuna sehemu angavu ya kushika jicho, na weusi wa utepe unapata mwanga nyuma yake wa kuuchora. Hata picha moja ya dakika 2 tu, kabla ya kurundika, yaani kuunganisha picha nyingi ziwe moja, hukuonyesha kwamba uko mahali penyewe. Ukisogea kutoka kwenye kiini utepe unaendelea kuonekana mbali sana kuelekea ncha, na ncha zenyewe zimepinda kidogo, jambo linaloanza kujitokeza ukiwa na saa za kutosha.

NGC 891 iko ubavu karibu kamili. Utepe unaipasua nusu kwa nusu, kiini hakina pa kujionyesha, na mwanga wake umesambaa kwa usawa bila kilele. Ukiwa na darubini fupi unapata kijiti cha kijivu chenye mstari, basi. Thamani yake iko kwenye maelezo madogo: kutoka kwenye utepe kunapanda nyuzinyuzi za vumbi, zimesimama wima juu na chini ya sahani kama moshi wa kuni, zikisukumwa nje kwa nguvu za nyota zinazozaliwa na zinazolipuka. Ukiwa na darubini ndefu na hewa iliyotulia utazipata baadhi yake hata uani. NGC 4565 haina cha kushindana na hilo. Kwa upande huo haifui dafu.

Kuna tofauti nyingine isiyosemwa sana, nayo ni nyota za mbele. NGC 4565 iko karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya galaksi yetu, mahali ambapo tunatazama nje ya Njia Nyeupe kwa njia fupi kuliko zote. Nyota ni chache, anga jeusi limetanda, na galaksi jirani ndogo, NGC 4562, inaonekana wazi pembeni. Kazi ya kuhariri inakuwa nyepesi. NGC 891 iko karibu na ukanda wa Njia Nyeupe, na nyota zetu wenyewe zimemwagika mbele yake kila mahali. Nyota hizo zinaipa picha kina kizuri, nakubali, lakini ukitumia programu ya kuondoa nyota, chunguza kwa makini: mara kwa mara hung'oa kipande cha utepe kikidhaniwa kuwa kivuli cha nyota, au huacha kovu pale penye nyuzinyuzi ulizozifuata usiku mzima.

Hukumu yangu, basi: ukiwa na darubini ya fokasi (umbali kutoka lenzi au kioo hadi mahali taswira inapoundwa) chini ya milimita 600, au hii ikiwa galaksi yako ya kwanza, chagua NGC 4565 bila kusita. Ukiwa na milimita 1000 na kuendelea, na stendi unayoiamini, NGC 891 itakulipa zaidi.

Tatu zilizobaki

NGC 4244 inatajwa pamoja na hizi kwa sababu ya wembamba wake, lakini haina kiini kilichovimba wala utepe unaoonekana. Iko karibu, takriban miaka ya nuru milioni 14, na uzuri wake ni vitone vya maeneo yanayozaa nyota. Kwa kamera ya rangi na darubini fupi utapata kijiti cha samawati iliyopauka. Iache kwa msimu wa pili au wa tatu.

NGC 4945, iliyoorodheshwa na James Dunlop mwaka 1826 akiwa Australia, ndiyo chaguo la kwanza kwa aliye kusini. Ni kubwa, angavu na ya karibu, takriban miaka ya nuru milioni 12, na ndiyo inayosamehe vifaa vidogo kuliko zote hapa. Utepe wake hauna unadhifu wa 4565. Ni mabaka ya kahawia na wekundu wa gesi uliotapakaa. Wako wanaopenda unadhifu. Kwangu mimi vurugu hiyo ni uzuri wake.

NGC 5907 ndiyo iliyo nyembamba kuliko nyingine kwenye orodha, na ina hadithi inayowavuta wengi vibaya. Mwaka 2008 picha iliyopigwa kwa darubini ya kipenyo cha sentimita 50 ilionyesha pete za nyota hafifu zikiizunguka, mabaki ya galaksi ndogo iliyoraruliwa. Mwaka 2019 timu iliyotumia Dragonfly, mtambo uliojengwa kwa lenzi nyingi za Canon za milimita 400, iliona mkunjo mmoja tu mrefu mahali pa pete zile. Ni mjadala mzuri, lakini mkunjo huo ni hafifu kupita kiasi. Ukichagua NGC 5907 ukiwa uani, ichague kwa ajili ya ule mstari mwembamba.

Darubini: pikseli ngapi zitauangukia utepe?

Hesabu ni hii: ukubwa wa pikseli kwa mikromita, zidisha kwa 206, gawanya kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Jibu ni sekunde za tao zinazochukuliwa na pikseli moja. Kwa kamera za sasa za pikseli ya mikromita 3.76, NGC 4565 inatoka hivi: kwenye darubini ya lenzi ya milimita 80 yenye fokasi 480, pikseli 590 kwa 69 hivi, kwenye darubini ya vioo ya inchi 8 yenye fokasi 1000, pikseli 1230 kwa 143, kwenye Schmidt-Cassegrain (darubini ya vioo yenye bomba fupi na lenzi nyembamba mbele) ya inchi 8 iliyofupishwa hadi fokasi 1280, pikseli 1570 kwa 183. Darubini janja ya Seestar S50, yenye fokasi 250 na pikseli ndogo ya mikromita 2.9, inatoa pikseli 400 kwa 46.

Tazama namba ya pili ya kila jozi, kwa sababu urefu wa galaksi hauna shida na mtu. Kwenye darubini janja upana wote una pikseli 46, na utepe ni sehemu ndogo tu ya upana huo. Utauona, tena bila jasho: unaiweka uani, unaigusa kwenye simu, inajitafutia galaksi na kuanza kurundika picha za sekunde 10, 20 au 30. Kwa kupiga picha fupi hivyo mjini hupotezi sana, kwa kuwa mwanga wa anga ndio unaoleta chenga nyingi kuliko kamera yenyewe. Ila usitarajie nyuzinyuzi za NGC 891. Hazimo, na programu ya kunoa picha ikikuonyesha chochote kinachofanana nazo, imekitunga.

Darubini ya lenzi ya milimita 80 ni raha kuitumia. Haihitaji kupangwa vioo, upepo hauisumbui, na stendi ndogo inaibeba. Kwa sekunde 1.6 kwa pikseli unapata utepe safi wa NGC 4565 na kiini chenye umbo lake. Udhaifu wake ni mdomo mdogo: darubini ya inchi 8 inakusanya mwanga zaidi ya mara 6, hata ukitoa kivuli cha kioo kidogo cha mbele ni mara 6 hivi.

Hapo ndipo darubini ya vioo ya inchi 8 inapotawala. Fokasi 1000 inakupa sekunde 0.78 kwa pikseli, kiasi kinachokaribia kikomo cha hewa ya uani bila kukivuka sana, na mdomo mkubwa unajaza pikseli hizo haraka. Kwa mtazamo wangu hakuna chombo kinachoshindana nayo kwa galaksi za ubavu ukipima gharama na matokeo. Lakini ina usumbufu wake, nao usiudharau. Vioo vinahitaji kupangwa upya mara kwa mara, na kosa dogo la mpangilio linaonekana kama utepe uliofifia upande mmoja. Inahitaji lenzi ya kurekebisha kingo za picha. Bomba lake ni kama tanga: upepo wa jioni ukipita kati ya nyumba, nusu ya picha unazitupa. Kama uani kwako hakuna ukuta wa kukinga, fikiria mara mbili.

Schmidt-Cassegrain ni fupi, upepo hauikamati sana, na kwa fokasi 1280 inaonekana kwenye karatasi kuwa mshindi. Tatizo ni kwamba sekunde 0.6 kwa pikseli kwenye hewa ya sekunde 3 haziongezi kitu. Unagawa mwanga uleule kwa pikseli nyingi zaidi, na mwisho unaunganisha pikseli mbili mbili ili upate picha iliyotulia. Kioo chake kikuu pia huweza kuteleza kidogo darubini inapobadili upande, kwa hiyo kamera ya kuongoza iliyo kwenye njia yake yenyewe ya mwanga ni lazima. Ukiwa nayo tayari, itumie. Kuinunua kwa ajili ya galaksi hizi, ikiwa hewa ya kwenu haijawahi kutulia, sioni sababu. Bila kifupisho, kwa fokasi kamili ya 2032, sensa ndogo ya mraba ya milimita 11 inachukua dakika 19 tu za tao, na NGC 4945 inabidi uilaze kutoka kona hadi kona.

Stendi, na upande ambao kosa linaelekea

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipuuza. Stendi nyingi za ikweta (zile zinazozunguka kufuata mwendo wa anga) hukosea zaidi kwenye mhimili unaofuata nyota, yaani mashariki–magharibi, kwa sababu ya kasoro za gia zinazojirudia. Kwa galaksi ya duara haijalishi sana. Kwa galaksi nyembamba, mwelekeo wa kosa ndio kila kitu: likienda sambamba na sahani halidhuru, likienda kuikata linapaka utepe mwanga wa pande zote mbili hadi weusi wake unageuka kijivu.

NGC 891 imesimama karibu kaskazini–kusini, ikiwa imeinama nyuzi 22 tu kuelekea mashariki. Kosa la gia linaikata karibu moja kwa moja. NGC 4565 imelala mshazari, kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki, hivyo sehemu ya kosa hilohilo inapotelea kwenye urefu wake. Stendi ileile inaweza kukupa 4565 iliyonyooka na 891 iliyovia, na usijue kwa nini. Kabla ya kuchagua 891, fungua grafu ya PHD2, programu inayoongoza stendi kwa kufuata nyota, uangalie kosa la mhimili huo peke yake. Likizidi sekunde 1 ya tao, rudi kwa 4565 kwanza. Aliye karibu na Ikweta ana shughuli ya ziada: nyota ya ncha iko upeoni au imefichwa, kwa hiyo stendi ipangwe kwa programu inayosoma picha za nyota za sehemu yoyote ya anga, na N.I.N.A., programu ya kuendesha kamera na darubini, ina nyongeza ya kufanya hivyo.

Kamera, chujio na saa

Kamera ya rangi au ya weusi na weupe? Ya pili inakusanya mwanga kwa ufanisi zaidi, lakini inataka gurudumu la vichujio na uvumilivu. Kwa uani ambapo mawingu hukatiza usiku, ya rangi inamaliza kazi kwa mapigo machache. Chagua hiyo.

Vichujio vya njia mbili (vinavyopitisha vipande viwili vyembamba tu vya rangi) vinavyosifiwa kwa nebula, yaani mawingu ya gesi, viache kwenye sanduku. Mwanga wa galaksi ni mwanga wa nyota, umetawanyika kwenye rangi zote, na chujio hicho kitautupa sehemu kubwa. NGC 4945 inaweza kunufaika na saa chache za ziada zenye chujio cha haidrojeni kwa ajili ya wekundu wake. Vichujio vya kukata taa navyo vilikuwa na maana zaidi enzi za taa za sodiamu. Taa nyeupe za LED hutoa rangi karibu zote, kwa hiyo ukizikata unakata na galaksi.

Mwisho, uani au safari ya gizani? Anga la mji lenye mwangaza wa 18 kwa kila sekunde ya tao ya mraba, likilinganishwa na anga la shamba la 21, linang'aa takriban mara 16 zaidi. Kwa sehemu hafifu, saa 1 shambani ni sawa na saa 16 nyumbani. Lakini hesabu hiyo inahusu sehemu hafifu tu. Utepe wa vumbi uko ndani ya sehemu angavu, na ukali wake unaamuliwa na hewa na stendi, vitu ambavyo safari haiviboreshi kwa lazima. Kwa utepe wa NGC 4565, saa 3 au 4 za uani zinatosha picha ya kujivunia, na ukitaka chenga zipungue nusu utahitaji mara 4 ya muda huo, jambo linalowezekana ikiwa darubini inabaki uani usiku baada ya usiku, Mwezi ukiwa haupo. Kwa ncha zilizopinda za 4565, beba vifaa vyako uende gizani. Kwa ule mkunjo wa NGC 5907, hata gizani jipange kwa usiku kadhaa.